Mgeni wa Siku Tatu

Wahenga walituachia neno juu ya mgeni: siku mbili ni mgeni, siku ya tatu mpe jembe. Nililisikia neno hilo tangu utoto wangu Kiamunyi, nikalifundisha darasani mara nyingi, nikawapa alama wanafunzi waliolieleza vizuri. Walakini mimi mwenyewe sikulijua. Nililifahamu kwa upande wa mwenyeji tu, mwenye nyumba na mwenye jembe. Upande wa mgeni niliujua nilipokuwa na umri wa miaka 28, katika mji wa Granada, kusini mwa Uhispania, mwezi wa Septemba 2019. Habari ya siku tatu hizo ndiyo nitakayo kukusimulia, msomaji, pamoja na habari ya mtoto mmoja ambaye hakuwako Granada, lakini nilimkuta huko.

Kiamunyi ni kitongoji cha Nakuru, upande wa magharibi, kando ya barabara iendayo Kabarak na Ravine. Mji wetu ni kijana. Nakuru ulianza kukua na reli mwanzoni mwa karne ya 20, na ulipewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Baada ya kutoka chuo cha ualimu nilifundisha shule ya msingi miaka 6, na wakati wa likizo niliendelea na masomo ya chuo kikuu. Katika masomo hayo nilipata nafasi ya kusoma muhula mmoja Granada. Wafadhili walilipa karo na chumba. Nauli ya ndege ilikuwa juu yangu. Majirani walikusanyika uani kwa mama yangu wakafanya harambee. Huyu alitoa shilingi 1,000, yule alitoa 200, na mzee mmoja asiyekuwa na fedha alitoa jogoo, naye akanadiwa mara tatu, kila aliyemnunua akimrudisha anadiwe tena. Niliondoka na begi moja mkononi na deni la watu wengi moyoni, deni ambalo halikuandikwa mahali popote.

Kutoka Madrid nilisafiri kwa basi muda wa saa tano. Tulipokaribia kusini niliona mizeituni imepandwa kwa mistari juu ya vilima, kilima baada ya kilima, kama majani ya chai kule Kericho, hata macho yakachoka kuihesabu. Niliingia Granada Jumamosi usiku, nikapokewa na bibi mjane mwenye nyumba, akanionyesha chumba, akasema maneno mengi kwa ukarimu mwingi. Sikuelewa hata moja. Kihispania changu nilikisoma kitabuni, na kitabu hakisemi upesi namna ile.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumapili. Niliamka nikatoka kuutazama mji. Nyumba yetu ilikuwa Albaicín, mtaa wa kale uliojengwa na Waislamu juu ya kilima. Njia zake ni vichochoro vilivyotandazwa vijiwe vya mto, vyembamba hata punda wawili wenye mizigo wasingeweza kupishana, navyo hupanda, hupinda, na kugawanyika bila ya kumpa mtu sababu. Kuta ni nyeupe, na juu ya kuta huchungulia mikomamanga na mizabibu ya bustani zilizofichwa ndani. Asiyejua angedhani yuko Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu. Nilipofika uwanja wa San Nicolás niliiona Alhambra ng'ambo ya bonde: ngome kubwa nyekundu juu ya kilima, na nyuma yake milima ya Sierra Nevada. Jina la Alhambra ni Kiarabu, maana yake ni Nyekundu. Wafalme wa ukoo wa Banu Nasri walianza kuijenga katika karne ya 13, na mfalme wao wa mwisho aliukabidhi mji kwa Malkia Isabella na Mfalme Ferdinand tarehe 2 Januari 1492. Waislamu walikuwa wameingia nchi ile mwaka 711. Basi miaka 781 ilifungwa asubuhi moja ya baridi.

Nilisimama pale muda mrefu. Uzuri ukishibisha macho haushibishi tumbo. Ilipata saa saba, nami sikuwa nimekula tangu ndani ya basi, kwa maana niliona haya kumwomba bibi chakula kwa ishara kama mtoto mchanga. Nilishuka vichochoro nikitafuta duka. Kila mlango ulikuwa umefungwa, kwa kuwa ni Jumapili. Nilipotea. Nilipita chini ya ukuta ule ule mara tatu, na paka yule yule akanitazama mara tatu. Mwishowe nilinusa mkate, nikaifuata harufu hata nikafika duka la mwokaji lililokuwa karibu kufunga. Watu walikuwa wamepanga mstari. Nilipokuwa nangoja nililitunga neno langu kichwani, nikalirudia, nikalipiga pasi. Zamu yangu ilipofika nilisema kwa sauti ya mwalimu, ili wote wasikie kwamba najua: "Tengo hombre."

Nilitaka kusema, "Nina njaa." Njaa kwa Kihispania ni hambre. Hombre ni mwanamume. Basi mimi, mtu mzima mwenye tai, nilisimama mbele ya watu nikatangaza kwamba nina mwanamume.

Kicheko kilianzia nyuma yangu. Kijana mmoja alilirudia neno langu kwa sauti yangu, akapata hata lafudhi yangu, na wenzake wakashika mbavu. Sikujua nimekosa nini, nami nadhani hapana aibu ipitayo hiyo, kuchekwa na watu usijue sababu. Masikio yalinichoma. Nilitaka kutoka, lakini njaa ilinishika miguu. Mama mzee aliyekuwa akiuza hakucheka. Aliuchukua mkate, akaufunga katika karatasi, akaniwekea mikononi, akanitazama, akasema polepole, "Hambre, hijo. Hambre." Yaani, "Njaa, mwanangu. Njaa." Akangoja. Nikasema, "Hambre." Akatikisa kichwa kukubali, akapokea fedha, akamwita aliyenifuata.

Nilikula mkate ule ukingoni mwa mto Darro, chini ya ngome. Ulikuwa mtamu, nami nilikuwa nalia.

Usiku Mama alinipigia simu. Aliuliza, "Umekula, mwanangu?" Nikajibu kwamba nimekula. Akauliza, "Na watu wa huko, mnasikilizana?" Nikajibu, "Tunasikilizana, Mama." Huo ulikuwa uwongo wangu wa kwanza katika Ulaya. Nilizima taa, lakini usingizi haukuja. Badala yake alikuja mtoto.

Mwaka ule ule wa 2019, katika muhula wa kwanza, aliletwa darasani mwangu mtoto mwanamume kutoka Turkana, aliyekuja kukaa kwa shangazi yake Kiamunyi. Alijua Kiturkana sana na Kiswahili kidogo. Katika wiki ya pili alikosa kuja shule siku moja. Alipokuja nilimwuliza sababu mbele ya wenzake. Alisimama wima, mikono ubavuni, akasema, "Jana nilikufa mgonjwa, mwalimu."

Alitaka kusema nilikuwa. Aliikosa herufi moja tu, kama mimi nilivyoikosa yangu. Nami, badala ya kumpa herufi ile, nilisema, "Pole sana, marehemu. Karibu tena duniani." Darasa lilicheka kwa kishindo. Nami nilicheka, tena nilijiona mwerevu, mwalimu mcheshi apendwaye na watoto. Tokea siku ile jina lake likawa Marehemu. Walimwita hivyo uwanjani, njiani na bombani. Nilisikia, wala sikuwakataza. Mtoto yule hakusema neno jingine kwa hiari yake darasani hata nilipoondoka Agosti. Katika ripoti yake niliandika kwa mkono wangu: "Ni mkimya mno. Ajitahidi kushiriki."

Nililala kitandani Granada nikakumbuka maneno hayo ya ripoti, nayo yakanisoma mimi. Alfajiri nilikuwa nimekwisha kuazimia kwamba nitatafuta njia ya kurudi nyumbani. Nilijiambia kwamba sikuweza masomo. Kweli yake ni kwamba sikutaka kuchekwa tena.

Siku ya pili bibi mwenye nyumba aligonga mlango, akaniashiria twende jikoni. Aliniketisha. Kisha akafanya jambo ambalo chuo cha ualimu kilinifundisha kwa miaka miwili na yeye hakufundishwa na mtu: akaanza na kile kilichokuwapo. Akaigonga meza kwa kidole akasema, "Mesa." Nikashtuka. Nikaigonga nami nikasema, "Meza." Akacheka, lakini kicheko hiki kilikuwa na mlango wazi. Akainua sukari: "Azúcar." Nikasema, "Sukari." Akaleta sahani ya zeituni: "Aceitunas." Nikasema, "Zeituni." Akaenda kabatini, akarudi na kikopo kidogo cha zafarani: "Azafrán." Tukaendelea hivyo kama watoto wanaochezea vifuniko vya chupa, kila mmoja akitoa chake, na mara nyingi vikafanana.

Siku ile nilipanda kuiona Alhambra, na njia nzima nilikuwa nikihesabu maneno. Sababu yake si ya ajabu, ila wengi wetu hatuifikiri. Kiarabu kilikaa Uhispania karne nyingi, nacho kilifika pwani yetu kwa biashara na dini karne nyingi vile vile; kikaacha mizigo yake katika nyumba zote mbili. Sisi husema fulani, wao husema fulano. Sisi husema hata, wao husema hasta. Kadhi wetu anayehukumu ndiye alcalde wao, ambaye siku hizi ni mkuu wa mji. Rehani yetu ni mali iwekwayo kwa mkopo; rehén yao ni mtu aliyetekwa ili watu wake walipe. Tena Wareno, jirani zao, walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, miaka sita tu baada ya Granada kukabidhiwa. Walituachia meza na bendera, ambazo Wahispania huziita mesa na bandera. Walituachia na neno gereza, ambalo kwa Kireno lilikuwa kanisa. Katika Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593 wakati mfalme wa Uhispania alipokuwa pia mfalme wa Ureno, palikuwa na kanisa. Na kutoka 1895 hadi 1958 Waingereza waliitumia ngome ile kuwa kifungo cha watu. Neno moja liliingia likiwa nyumba ya sala, likatoka likiwa nyumba ya minyororo.

Nilisimama katika Ua wa Simba, mahali palipojengwa na Sultani Muhammad wa Tano katika karne ya 14. Simba 12 wa marumaru wamebeba bakuli la maji mgongoni. Kutani pameandikwa kwa Kiarabu, mara nyingi zisizohesabika, kwamba hapana mshindi ila Mungu. Wenye mji walioandika hivyo walishindwa na wakaondoka, na walioshinda hawakuyafuta maandishi. Nikafikiri juu ya lugha yangu ninayoifundisha kwa majivuno. Sukari ilikuwa ngeni, meza ilikuwa ngeni, hata hilo neno hata lilikuwa geni. Kila moja lilifika likiwa na sura ya kuchekesha, likasemwa kombokombo, na wenyeji wakalipa nafasi ya kuketi. Kama babu zetu wangalicheka kila mgeni hata akanyamaza, leo tungekuwa na lugha ndogo sana. Na mimi, mtunza nyumba kubwa kama hiyo, nilimfungia mlango mtoto aliyebisha hodi na herufi moja pungufu.

Siku ya tatu masomo yalianza. Mwalimu wetu, bibi wa makamo mwenye miwani, alitutoa nje kwanza, akatupeleka katikati ya mji. Tuliliona kanisa dogo walimozikwa Isabella na Ferdinand. Mkabala wake kuna Madrasa, chuo kilichoanzishwa na Sultani Yusuf wa Kwanza mwaka 1349, na sasa ni mali ya Chuo Kikuu cha Granada, chuo chenyewe kilichoanzishwa mwaka 1531. Hapo mwalimu alinitazama, kisha akatusimulia habari za mtu aitwaye Juan Latino. Alisema polepole ili wageni tumfuate, na nilichokikosa nilikisoma baadaye.

Juan Latino alikuwa Mwafrika. Kitabuni mwake alijiita Mhabeshi, jina ambalo siku zile watu wa Ulaya walimwita Mwafrika mweusi yeyote. Aliishi katika karne ya 16, naye alikuwa mtumwa katika nyumba ya kabaila mkubwa. Kazi yake katika utoto ilikuwa kumbebea vitabu bwana mdogo aendapo masomoni. Bwana mdogo alifundishwa, mtumwa alisikiliza. Alisikiliza hata akakijua Kilatini, lugha ya wanachuo wote wa Ulaya, kuwapita waliolipiwa karo. Mwaka 1546 alipata shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Granada. Akawa mwalimu wa Kilatini katika mji ule, na mwaka 1573 alichapisha kitabu cha mashairi aliyoyatunga kwa lugha hiyo. Habari zake zilienea hata Cervantes akamtaja kwa jina mwanzoni mwa Don Quixote, kitabu kilichotoka mwaka 1605. Jina lenyewe la Latino alipewa kwa sababu ya lugha aliyoijua.

Wenzangu walistaajabia ushairi wake. Mimi nilistaajabia ukimya wake. Niliwaza miaka ile aliyosimama karibu na mlango na vitabu vya mwingine mikononi, asiulizwe neno, na kila mtu akidhani kwamba asiyesema hajui. Nani angaliandika katika ripoti yake, "Ni mkimya mno"?

Tuliporudi darasani mwalimu alimtaka kila mmoja asimame aseme jina lake, kwao, na jambo moja lililompata Granada. Hilo ndilo lilikuwa jembe langu. Nilikuwa na sentensi fupi ya salama niliyoiandaa. Niliiacha. Nilisema kwa Kihispania kilichochechemea kwamba natoka Kiamunyi, karibu na Nakuru, Kenya, kwamba mimi ni mwalimu, na kwamba Jumapili niliingia dukani nikasema, "Tengo hombre." Darasa lilicheka, nami nilicheka pamoja nao, kwa kuwa safari hii mimi ndiye niliyelileta lile neno na kulifungua. Kisha nilisema jambo la pili ambalo sikuulizwa: kwamba kwetu kuna mtoto ninayemdai radhi. Sikulijua neno la radhi. Mwalimu alilisema polepole, mara mbili, akangoja.

Nilikaa Granada muhula mzima, nikasoma nikamaliza. Nilirudi Kiamunyi Februari 2020. Somo langu la kwanza la Kiswahili nililianza na habari ya duka la mkate. Watoto walicheka hata machozi. Walipotulia niliwaambia, "Sasa sikilizeni. Nilimfanyia mwenzenu jambo hili hili, nami nilikuwa mtu mzima na mwalimu." Nilimwita kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, nikamwomba radhi mbele ya wote, nikasema jina lile jingine lisisikike tena.

Alisimama, akatazama sakafu, akasema, "Haidhuru, mwalimu. Mimi nimesahau."

Sentensi yake ilikuwa sahihi, kila herufi mahali pake. Lakini mtu aliyesahau hasemi kwa sauti ile.

Wiki iliyofuata nilimpa jembe. Nilimwomba atufundishe namna ya kusalimiana kwa Kiturkana. Alikuja mbele, akasimama pale nisimamapo mimi, akalisema neno, akaninyoshea kidole nilirudie. Nilikosea. Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Alilirudia polepole, mara mbili, akangoja.

Katikati ya Machi mwaka ule shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya Korona. Watoto wote waliporudi darasani Januari 2021, dawati lake lilikuwa tupu. Shangazi yake aliniambia kwamba amerejea kwao. Sina habari zake tangu hapo. Deni la nauli majirani wamekwisha kulisamehe. La mtoto yule nimelilipa nusu, na nusu iliyobaki nalilipa kwa wengine. Kila mtoto mgeni aletwaye darasani kwangu humwacha siku mbili apumzike, na siku ya tatu humwomba atufundishe maneno matano ya lugha ya kwao. Wenzake na mimi tunakosea, naye anatusahihisha.

Nanyi, wasomaji wangu mlioko shule za sekondari, mnakutana na wageni kuliko nilivyokutana nao mimi katika umri wenu. Bwenini hulala mtoto wa Lodwar karibu na mtoto wa Kwale, na huyu huchekesha masikio ya yule. Siku moja mwenzako atasimama akose herufi moja, na darasa zima litakutazama wewe, mwenye ulimi mwepesi, lingoje neno lako. Utakuwa na kitambo kidogo tu cha kuchagua. Mama mzee wa Granada alikuwa nacho hicho hicho, na mkate mkononi.